Kobe Aliyefundishwa Kiswahili

Kila Ijumaa baada ya masomo tulifagia darasa na kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Hapo ndipo Mwalimu Bedan alipoifunua kompyuta yetu ya pekee. Ilikuwa mwaka wa 1996, Kamenu, mjini Thika, nami nilikuwa darasa la saba.

Kwenye kioo kulikuwa na alama ndogo tuliyoiita kobe. Ukimwandikia amri, alitembea akichora mstari. Amri zilikuwa za Kiingereza, jambo ambalo rafiki yangu Warigia, ambaye sasa ni marehemu, hakulipenda.

"Kwani kobe alizaliwa Ulaya?" aliuliza.

Muhula mzima Warigia alimfundisha kobe maneno mapya: MBELE, NYUMA, KULIA, KUSHOTO, RUDIA. Hata watoto wa darasa la nne wakaweza kuchora nyumba na nyota.

Ijumaa moja tulikuwa tukijiandaa, maana kesho yake tulitarajiwa Ruiru, kuwaonyesha walimu wa shule moja kazi hiyo. Walikuwa na kompyuta mbili zisizotumika. Wakiridhika, wangetupatia hizo kompyuta.

Jioni hiyo nilichora ua kwa amri za Kiingereza, nikitaka kuonekana naziweza. Nikalihifadhi kwenye disketi ya Warigia kwa jina lilelile alilotumia yeye, KOBE. Mashine ikauliza swali refu kwa Kiingereza. Sikulielewa, na niliona aibu kuuliza. Nikabonyeza kukubali.

Warigia alipofungua kazi yake, aliandika MBELE 50. Kobe hakusogea.

"Amegoma. Anataka chai kwanza!" mwenzetu Gathogo akacheka.

"Ni stima," Warigia akasema. "Ilipotea mchana, taa zikazima. Imekula kazi yangu yote."

Mwalimu Bedan alishika kichwa. "Basi mashine imeharibika. Nitawaambia wa Ruiru tumeahirisha."

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kunyamaza. Lakini Warigia alikuwa akifuta macho kwa mkono wa sweta. Nikasimama.

"Si stima, mwalimu. Ni mimi. Nimehifadhi ua langu juu ya kazi yake, ikafutika."

"Wee Firdaus!" Gathogo akang'aka. "Sasa tukaonyeshe nini, ua?"

Warigia alijifuta macho mara ya mwisho. Kisha akasogea kwenye benchi. "Keti. Mimi nitataja, wewe utaandika."

Aliposahau amri fulani, tuliwaita watoto wa darasa la nne waliokuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani. Walizitaja zote wakipokezana kwa kelele, maana walizitumia kila wiki. Kabla ya jua kuzama, kobe alikuwa akitembea tena.

Huko Ruiru, mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliandika MBELE 100 mwenyewe, akacheka kama mtoto. Tulirudi Thika na kompyuta zote mbili.

"Firdaus," Mwalimu Bedan aliniambia tulipokuwa tukizishusha, "jana ungenyamaza, ningelaumu mashine na leo tungekuwa nyumbani. Kusema ukweli ndiko kulikotuonyesha pa kuanzia. Na usipoelewa swali, uliza kabla ya kubonyeza."

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu.

"Ataniuliza mimi," Warigia akasema, akanishika mkono.