Vinu vya Kichwani mwa Mama

Vibandikizi milioni arobaini viliingia kwenye mshipa wa mkono wa Mwalimu Tupokigwe saa tatu asubuhi, na kabla chai haijapoa vilikuwa vimefika kwenye ubongo. Kila kimoja kilikuwa mashine ndogo kuliko chembe ya damu. Kwenye kioo cha ukutani, katika kliniki moja ya Tukuyu mwaka 2087, vilionekana kama ukungu wa kijani unaotambaa.

"Vinafanya nini?" mama aliuliza kwa mara ya nne.

Subilaga, binti yake na mhandisi aliyevibuni, alijibu kana kwamba ni mara ya kwanza. "Kila seli ina vinu vyake, mama. Protini ikichakaa au ikijikunja vibaya, seli huibandika alama, na kinu huisaga vipande vipande. Vipande hivyo hujenga protini mpya. Kwako alama zimepungua, uchafu umeganda. Vibandikizi vinaongeza alama."

"Kwa hiyo mnanisaga."

"Tunasaga uchafu tu."

"Haya. Pumba mwape kuku."

Subilaga alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Huyu ndiye mama aliyekuwa anamtafuta. Mama wa asubuhi za baridi, moshi wa jikoni, watoto watano wamejibana kwenye mkeka mmoja, na wimbo alioutunga mwenyewe mwaka baba alipofariki: *Asubuhi hii umetuhesabu tena, hakuna aliyepungua.* Ugonjwa ulikuwa umekula majina ya wajukuu na njia ya kwenda kanisani, lakini wimbo ule ulikuwa bado mzima. Subilaga alimwomba Mungu jambo moja: wimbo nao usije ukaliwa.

Daktari Lusekelo, mtaalamu wa ubongo, aliingia na orodha yake. "Mgonjwa alikaa kimya kwa saa sita kabla ya sindano, kama mwongozo unavyotaka?"

"Alikaa kimya," Subilaga alisema. "Tulisali tu."

Lusekelo aliweka alama ya vema.

Baada ya wiki tatu mama alimwita kila mjukuu kwa jina lake. Alienda kanisani peke yake, akarudi akilalamika kwamba sauti ya nne wanaimba kama wanabeba magunia. Majirani walikuja kumtazama. Subilaga alifunga siku nzima kwa shukrani.

Kesho yake, wakiwa wanamenya ndizi, alianza kuuimba ule wimbo na kungoja mama aupokee. Mama aliendelea kumenya.

"Mama, hujaupokea."

"Nitapokeaje nisichokijua?"

Subilaga alikwenda kwa Lusekelo hata hakunawa mikono.

"Mliposali, mliimba?" daktari aliuliza.

"Sisi hatuanzi jambo bila wimbo wake. Tuliuimba mara tatu. Vibandikizi vilipoingia mkononi, ndiyo kwanza tulikuwa tumesema amina."

Lusekelo alikaa chini. "Dada, mtu akikumbuka jambo, seli huvunja baadhi ya protini zilizolishikilia, kisha huzijenga upya. Kwa saa chache kumbukumbu hiyo huwa wazi, kama nyumba iliyoezuliwa. Ndiyo maana tunataka ukimya. Vibandikizi vyako vilipofika, vilikuta ukuta wa wimbo uko wazi, vikaubandika alama wote, ukasagwa."

"Nilidhani ukimya ni kwa ajili ya presha."

"Nilipaswa kukueleza. Nami nilisikia neno 'tulisali', nikaona yameisha."

Subilaga alirudi nyumbani akitembea polepole kando ya mashamba ya chai, ambako mashine za kuchuma zilipita bila wimbo wowote. Zamani wanawake walichuma hapo wakiitikiana. Hakumlaumu Mungu kwa sala yake. Alimwambia tu kwamba inauma.

Mama alikuwa bado jikoni. "Imba tena ule wa asubuhi," alisema. "Ulinikaa kichwani."

Subilaga aliimba beti zote mbili.

"Mzuri. Nani kautunga?"

"Wewe, mama. Mwaka baba alipofariki. Ulituimbia kila asubuhi."

Mama aliweka kisu chini. Alimtazama bintiye kama mtu anayeonyeshwa barua yenye jina lake lakini isiyo na mwandiko wake.

"Basi niliuacha bila sauti ya pili," alisema. "Nilikuwa na majonzi, nadhani. Anza, usishuke chini sana."

Subilaga alianza. Kwenye neno la tatu mama aliingia, akakosea, akasimama, akatafuta, akaingia tena mahali ambapo hakuwahi kuingia mtu yeyote.