Kinachokosekana Wodi ya Njiti

Skripti ilisimama kwa mara ya tatu, na safari hii ilisimama kwa Kiswahili.

Evelina aliisogelea kompyuta. Ile skripti, mfululizo wa amri za kuingiza programu kwenye mashine, aliiandika mwenyewe, ofisini kwake Mwanza, na hakuweka hata neno moja la Kiswahili. Alikuwa amevuka na kivuko hadi Kamanga kuiwekea hospitali programu ya Linux ya kusoma mapigo ya moyo ya watoto njiti, ipige kengele mtoto akizidiwa. Mara mbili za kwanza ilikwama kwa sababu ya kawaida: vifurushi vya programu ndogondogo ambavyo programu yake inavitegemea havikuwemo kwenye mashine. Aliviongeza mwanzoni mwa skripti ili vipakuliwe kwanza mtandaoni, akaianzisha upya. Sasa kioo cha kompyuta kiliandika:

Kinakosekana: Rebeka. Nichukue? Ndiyo au hapana.

Chumba kile kidogo, kando ya wodi, kikaanza kunuka tope la ziwani na samaki aliyeoza.

"Sista," alimwita Teodora, muuguzi mkuu wa wodi, "kuna mtu hapa anaitwa Rebeka?"

Teodora alishika fremu ya mlango. "Mtoto aliyezaliwa asubuhi hii. Mama yake amenitajia jina sasa hivi, sikioni. Hatujaliandika popote."

Nyuma ya ukuta kitu kilitembea, chap, chap, kama miguu iliyotoka majini. Upande ule hakukuwa na chumba. Kulikuwa na ziwa.

"Funga, mwanangu, uondoke," Teodora alinong'ona. "Walipojenga hapa walifukia chemchemi, na mwenyewe, pepo wake, hakuhama. Fundi aliyekutangulia aliandika ndiyo, akidhani ni maswali ya kompyuta tu. Programu yake iliingia bila shida. Jioni mtoto aliyetajwa akafa, na mashine ikafa naye."

"Nikiondoka?"

"Watoto watabaki bila kengele. Kama siku zote."

Evelina aliogopa, halafu nyuma ya hofu ikaja hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Siondoki. Nenda ukamweke Rebeka kifuani kwa mama yake. Mwiteni kwa sauti, ijulikane yupo. Jina lake msilinong'one tena."

Akaandika hapana. Akang'oa waya wa mtandao, akachomeka flashi yake ya akiba yenye vifurushi vyote, akaanza kuiandika skripti upya, isitafute kitu nje, isimuulize mtu swali, ichukue kile tu alichokileta kwa mkono wake, na huku akiandika maji yalichuruzika chini ya ukuta yakamfika vifundoni, ya baridi alasiri ile ya jua kali, na mkono asiouona, wenye magamba, ukamshika shingo, na feni ya kompyuta ikaacha kuvuma ikaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayekosa pumzi, kinakosekana, kinakosekana, kinakosekana.

"Kinachokosekana nimekuja nacho," Evelina alisema, bila kuacha kuandika. "Wewe hutakiwi."

Mkono ukakaza. Kioo kikaandika: Kinakosekana: Evelina.

"Nipo!" alipiga kelele. "Niangalie vizuri. Nipo hapa!"

Kutoka wodini Teodora akajibu kwa kuliita jina la mtoto. Mama wa Rebeka akapokea, kisha wanawake wengine vitandani, kila mmoja akimtaja wa kwake kwa nguvu zote: "Rebeka! Masalu! Owiti! Favour!"

Evelina akabonyeza kitufe cha kuianzisha skripti. Vifurushi vikaingia, kimoja baada ya kingine, bila swali. Mkono ukamtoka shingoni. Maji yakarudi yalikotoka yakiacha tope sakafuni, na nje kitu kizito kikajitupa ziwani. Mapigo ya moyo wa Rebeka yakatokea kwenye kioo, madogo, ya haraka, yakiendelea.

Honi ya kivuko ikalia gatini.

"Hicho ndicho cha mwisho kwa leo," Teodora alisema, amerudi mlangoni, akifuta jasho. "Wahi."

"Kiende."

"Mwanangu, yule atarudi."

"Najua." Evelina aliburuta kiti hadi karibu na ukuta ule uliolowa, akakaa akiutazama. "Nataka akirudi anikute."