Majibu ya Valerian

Jua lilikuwa linazama mtaani Nyasubi, na Thobias alikuwa anahangaika kutafuta mahali pa kuchapishia majibu. Majibu ya usaili, jamani! Kuna mtu aliyaandika mtandaoni, na huyu bwana mkubwa mwenye cheti cha usalama kazini alitaka kuyameza kama yalivyo. Kufikiri mwenyewe aliona ni kazi ya wajinga.

Usaili ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi, kwenye kampuni moja ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu, njia ya Geita. Miaka mitatu alikuwa analala sebuleni kwa dada yake Martina, anakula ugali wake na kuukosoa. Siku hiyo Martina alimwambia wazi: "Ukikosa na hii, Thobi, Jumapili unapanda gari la Ushirombo ukalime na baba." Thobias alime! Heri wamzike.

Mara umeme ukakatika. Mwenye duka la steshenari akamfungia mlango usoni.

"Wapuuzi," Thobias alisema kwa sauti. "Mji mzima wapuuzi watupu."

Pembeni ya duka alikaa mama mmoja mtu mzima, anauza karanga za kuchemsha kwenye beseni. Thobias alimwona kila siku, na kila siku alimpita kama anapita jiwe.

"Mwadila, baba," mama alimsalimu.

"Salama." Hata shikamoo hakutoa.

"Nyumbani hawajambo? Dada yako mzima?"

"Wapo, mama, wapo. Nina haraka."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa Wasukuma salamu haikatwi njiani. Ukishaulizwa wa kwako, nawe unauliza wa mwenzio: watoto wako wazima? Angeuliza hivyo tu, angejua. Lakini msomi wetu aliona salamu ndefu ni za wachunga ng'ombe.

"Majibu unayoyatafuta ninayo," mama alisema taratibu. "Ya mwanangu Valerian. Aliyatumia kwenye kampuni hiyo hiyo unayokwenda. Wakamchukua."

Thobias hakujiuliza mama huyu ameijuaje kampuni.

Mama akatoa daftari la shule chini ya beseni. Lilikuwa limevimba kwa unyevu. Lilinuka udongo... udongo wa chini kabisa, ule usioonja jua, pamoja na moshi wa baruti.

"Yasome kwa sauti," alinong'ona. "Hapa hapa. Mara moja tu."

Thobias akacheka puani. Ushamba gani huu? Lakini cha bure hakukiacha. Akawasha tochi ya simu, akasoma. Jieleze kwa ufupi. Udhaifu wako ni upi? Mwandiko ulikuwa mzuri, Kiswahili kimenyooka. Akiwa katikati ya kusoma, akasikia kitu.

Ngo... ngo... ngo.

Chuma kinagongwa. Mbali sana. Tena chini.

"Nini hicho?"

"Soma, baba."

Akamaliza. Alipofunua kurasa tena, zilikuwa tupu, hazina hata doa la wino. Mama akalipokea daftari kwa mikono miwili, akalikumbatia, machozi yanamtiririka. Thobias aliondoka bila hata asante. "Wachawi tu hawa," alinung'unika, anatembea haraka bila kugeuka nyuma, mwanaume mzima.

Asubuhi alikuta watu wawili kwenye chumba cha usaili. Mmoja alikuwa meneja, Mzee Boaz, tumbo limeegemea meza. Mwingine alikuwa katibu wake, Ritha, wiki ya pili kazini, ameshika fomu ya maswali.

"Jieleze kwa ufupi," Ritha alisoma.

Thobias akafungua mdomo.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Ilikuwa nzito, ya upole, yenye lafudhi ile ile ya Kisukuma ambayo Thobias alikuwa anaicheka tangu shuleni. "Naitwa Valerian. Nimesimamia usalama wa maduara haya miaka minne."

Thobias alijaribu kufunga mdomo, ukakataa. Alijaribu kusema mimi ni Thobias, jamani, Thobias! Ulimi haukumtii. Ladha ya udongo ilimjaa kinywani.

Mzee Boaz akaweka simu yake chini. Ritha akasoma swali la pili.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Nilimwamini bosi wangu. Aliniambia matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yatabadilishwa Jumatatu. Akanishusha Ijumaa."

Harufu ya baruti ikatanda chumbani. Ritha akamtazama meneja. Meneja alikuwa anatazama sakafu.

"Kwa nini... kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?" Ritha alisoma.

"Sikuacha. Shimo liliporomoka, wakalifukia juu yangu kabla wakaguzi hawajafika. Mama aliambiwa nimetorokea Kongo."

Ngo... ngo... ngo.

Safari hii chini ya viti vyao.

Ritha aliendelea kusoma, maana hakujua afanye nini kingine. "Una swali lolote kwetu?"

"Ninalo moja. Mzee Boaz, siku tatu niligonga bomba la hewa. Mlikuwa mnanisikia?"



Yule mzee aliyezoea kufokea wafanyakazi mbele za watu, sasa alishika tai yake akajifutia jasho.

"Tulisikia," alinong'ona.

Thobias alitaka kukimbia. Hakutaka kazi tena, wala cheti, wala sifa; alitaka mdomo wake tu. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu kelele zenyewe zilibaki huko huko ndani.

"Umepata!" Mzee Boaz alisema haraka, anasukuma barua mezani. "Kazi umepata, kijana. Nenda zako nyumbani. Tutakuita!"

Ritha alikuwa amebakiwa na mstari mmoja kwenye fomu. Akausoma.

"Unaweza kuanza lini?"

Mdomo wa Thobias ukatabasamu.

"Leo. Mzee Boaz atanishusha shimoni mwenyewe."

Thobias akahisi miguu yake inasimama bila yeye kutaka. Akainua macho, akamwona Mzee Boaz naye anasimama, ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili, anatikisa kichwa kukataa, na miguu yake tayari inaelekea mlangoni.