Dawa ya Pua Iliyoishia Tumboni

Kila asubuhi Mzee Wamae hupokea maziwa ya wakulima kwenye kituo cha ushirika karibu na Ruring'u. Hufungua mtungi, huinama, hunusa. Maziwa yakiwa yamechacha, huyarudisha. Pua yake ndiyo kazi yake.

Basi pua hiyo ikaziba kwa mzio wa vumbi. Daktari akamwandikia dawa ya kupuliza puani. Kule kwenye duka la dawa, muuzaji akamsukumia chupa dirishani na kuita, "Mwingine!" Hakumwonyesha lolote. Jambo hilo linanichoma mpaka leo. Unampaje mtu kitu ambacho hajawahi kushika, halafu unamfukuza?

Mzee alifanya alivyojua. Tangu ujana alinusa tumbaku, mpaka daktari alipomkataza. Basi akainua kichwa juu, akapuliza, akavuta kwa nguvu kama tumbaku, fyuu! Uchungu wa dawa ukateremka kooni.

Pua haikufunguka. Akapitisha maziwa yaliyochacha, tangi zima likaharibika. Mwenyekiti wa ushirika, Wambugu, akamfokea mbele ya watu.

"Hiyo pua imekufa! Mwisho wa mwezi tunaweka mtu mwingine."

Mkewe, Murugi, akamwita jirani yao Kibibi, ambaye hupiga picha za eksirei hospitalini.

"Hii dawa ni bure kabisa," Murugi akalalamika.

"Hebu mzee atumie nione," Kibibi akasema.

Wamae akavuta, fyuu!

"Ala! Mzee, hiyo unaimeza!"

"Ati naimeza?"

"Ndiyo. Wataalamu walitaka kujua dawa ya pua inafika wapi. Waliitia alama inayoonekana kwenye picha. Watu wakapuliza, wakapigwa picha za kichwa. Wakaona sehemu ya dawa haikai puani. Inapita kooni mpaka tumboni. Ukivuta kwa nguvu hivyo, pua yako inapata nini?"

Wamae akapiga meza. "Na hakuna mtu aliniambia! Nifukuzwe kazi juu ya kitu ya dakika moja?"

"Hata mimi nimekasirika, Mzee. Ni haki yako kuonyeshwa. Sasa shika chupa."

Kibibi akamwelekeza polepole. "Penga kamasi kwanza. Tikisa chupa. Inamisha kichwa mbele kidogo. Ingiza mdomo wa chupa puani, uelekeze upande wa sikio, usichome ukuta wa katikati ya pua. Puliza, vuta taratibu, kama unanusa ua. Fanya kila siku jinsi daktari alivyoandika. Usikate tamaa, huchukua siku kadhaa."

Wamae alifuata. Pua ikaanza kufunguka. Asubuhi moja akanusa chai ya Murugi, akacheka peke yake.

Mwisho wa mwezi Wambugu alifika kituoni. Alikuja na mtu wa kuchukua kazi, na mtungi wa maziwa yake mwenyewe. Wamae akafungua, akainama, akafunika.

"Yamechacha, Mwenyekiti. Rudisha nyumbani."

"Wewe unanusa nini?" Wambugu akafoka. Akafungua mwenyewe, akanusa. Wakulima wote kwenye foleni walimwona akikunja uso.

"Anayefuata!" akaita Wamae.