Gamba Juu ya Kijiti

Jua lilikuwa linazama Kijiti alipopiga chafya ya tano.

"Kaka, fanya haraka. Mafua haya yatanimaliza."

"Simama wima, mama. Wewe ndiye rula yangu."

Ndivyo Fundi Picha alivyofanya kazi siku zote. Miti ya msitu ule ilikuwa ya ajabu, imejinyonganyonga, mizizi imesimama juu ya matope, na bila mtu kando yake usingejua upi mkubwa upi mdogo. Basi alimsimamisha mdogo wake penye shina, akapima mwanga juu ya uso wake, akapiga. Baadaye, kwenye kompyuta, angemfuta. Wateja wa kalenda wanataka ukungu na miti. Nani anataka msichana mwembamba mwenye sweta jekundu na pua inayochuruzika? Kupiga nyingine bila yeye ni kupoteza wakati. Ukungu haumngoji mtu.

Getini walimkuta mlinzi wa msitu, mama mmoja mwenye koti la mvua. Aliitazama kamera, kisha akamtazama Kijiti.

"Utamwacha kwenye picha?"

"Nitamfuta. Hana sura ya kalenda huyu," akatania Fundi, na Kijiti akamfinya.

Mlinzi hakucheka. Aliandika namba yake ya simu nyuma ya tiketi, akamkabidhi.

"Hapa usifute mtu. Msitu huu haupendi pengo. Unaziba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi aliitikia kwa adabu, akawasha pikipiki. Mtu aliyemlea mdogo wake tangu wazazi wafariki, akamsuka nywele kombo akampeleka shule, angejuaje kwamba anaweza kumpoteza akiwa ameketi kitini?

Studio yao ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande huu kompyuta. Upande ule Kijiti alikuwa akipiga pasi shati la kaka yake, la kazi ya harusi ya kesho, huku akiimba kwa pua iliyoziba wimbo wake uleule usio na mwisho.

Fundi alikata pembe za picha, akatia giza angani. Ukungu ukakolea vizuri. Kisha akaanza kufuta. Kufuta kwenyewe ni kubandika tu: unachukua kipande cha gamba la mti, unakilaza juu ya mtu. Alianzia miguuni.

"Kaka, miguu inakufa ganzi."

"Kaa kidogo, utapona."

Akaziba mikono. Nyuma ya pazia, kitu kizito kikaanguka mezani...

Akaziba shingo. Akaziba macho. Ukabaki mdomo. Akalaza gamba.

Wimbo ukakatika.

Alidhani mdogo wake anakunywa maji. Akahifadhi picha juu ya ileile ya mwanzo, maana kompyuta ilikuwa imejaa, akaifunga. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta picha zote kwa ajili ya harusi. Ndipo alipopata harufu ya nguo inayoungua. Na chini yake harufu nyingine... mbichi, ya gamba lililolowa.

"Kijiti?"

Siku zote angejibu, "Abee, kaka." Hakujibu.

Alifungua pazia. Pasi ilikuwa imelalia shati. Ndara mbili zilikuwa sakafuni, zimeelekea mezani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Aliitafuta tiketi, akapiga simu.

"Ulimfuta," mlinzi alinong'ona. Hakuwa anauliza.

"Nimrudisheje?"

"Irudishe picha ilivyokuwa. Ileile."

"Sina ileile! Nimehifadhi juu yake!"

Kisha mlinzi akasema polepole, "Basi usiweke kitu kingine, baba. Chochote utakachoweka kitakuja."

Lakini Fundi hakuweza kukaa bure. Alilia, akapekua mafaili, akapata picha ya Kijiti aliyompiga mwaka jana kwa ajili ya kitambulisho. Mwanga ulikuwa umetokea upande usiofaa. Kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri, akaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo ili mwanga uwiane. Akaifungua tena ile ya msitu, akambandika Kijiti penye shina. Akahifadhi.

Nyuma ya pazia, wimbo ukaanza tena.

Alimkimbilia, akamkumbatia, akalia begani mwake kama mtoto. Kijiti alikuwa baridi kidogo. Alicheka, akamwachia, akashika pasi.

Kwa mkono wa kushoto.

Kidoa chake cha kuzaliwa, kilichokuwa chini ya jicho la kulia, kilikuwa chini ya jicho jingine. Na wimbo ulitoka safi. Pua haikuwa imeziba hata kidogo.

Fundi alirudi nyuma hadi kwenye kiti. Picha ilikuwa bado wazi. Aliisogeza karibu, penye lile gamba alilobandika kwa mkono wake. Lilikuwa na mikwaruzo ambayo hakuiona mwanzo. Minne, myembamba, imepasuka kutoka ndani kuja nje.

Aliita kwa sauti ndogo.

"Kijiti?"

"Abee, kaka," akajibu yule wa nyuma ya pazia.

"Abee... kaka," ikajibu sauti nyingine kutoka ndani ya mti wa pichani, ya mtu mwenye mafua.

Pazia likafunguka. Mkono wa kushoto ukapita juu ya bega lake, taratibu, ukaizima kompyuta.

"Usimwitikie," akanong'ona. "Shati lako liko tayari."