Boliti za Kaka Mtu

Sogeeni karibu, wajukuu, mnyamaze. Hili lilimkuta mume wa shoga yangu, fundi aliyekuwa akifufua gari la mashindano la kiti kimoja. Gari hilo ndilo lililomuua kaka yake, kwani fundi mwenyewe, kwa wivu, aliziacha boliti za injini bila kuzikaza.

Aliishusha injini nyuma ya kiti, ikining'inia kwenye mnyororo, akaketi kitini kupima nafasi.

“Imekaa?” mkewe aliuliza toka jikoni.

“Kama bibi harusi!”

Umeme ukakatika, gereji ikawa giza. Nyuma ya mgongo wake spana ikaanza: kri, kri, kri.

“Mke wangu, ni wewe?”

“Mimi napika!”

Majirani walimkuta amekufa, amebanwa kati ya injini na usukani. Boliti, ambazo hakuwa ametia hata moja, zilikuwa zimekazwa zote. Shoga yangu alirithi spana. Mjane wa kaka mtu alirithi gari, na boliti zile mpaka leo hazijapata wa kuzifungua.