Uso Uliozibwa

Yalianza macho. Katika filamu, marehemu alikuwa anamtazama mpiga picha, mumewe. Katika picha iliyokuwa ikiibuka ndani ya sinia la dawa, chini ya taa nyekundu, alikuwa anamtazama binti yake aliyempakata.

Mpiga picha alijilaumu mwenyewe. Kusafisha picha za kawaida alishakuzoea. Sasa alikuwa anajifunza kuziba na kuchoma. Uso wa mkewe ulikuwa kivulini, kwa hiyo aliuziba: alishika kiduara cha kadibodi kilichobandikwa kwenye waya, akaukinga na mwanga wa mashine ya kukuzia picha, huku akikitikisa kidogo ili alama isibaki. Paliponyimwa mwanga ndipo palipotoka peupe. Gauni la mtoto lilikuwa limepauka, kwa hiyo alilichoma: alilipa mwanga zaidi, likakolea. Hakuwa na picha nyingine ya mkewe. Alitaka uso ule tu.

Kila aliporudia, uso uling'aa na mtoto akazidi kuwa mweusi, hata asipochomwa. Chumba, ambacho siku zote kilinuka siki kwa sababu ya dawa, kikaanza kunuka mafuta ya nywele ya marehemu. Mama mkwe wake, aliyezoea kumtania kwamba amegeuka chupa ya siki, siku hiyo hakumtania. Alimwambia kwamba mtoto ameuliza, adhuhuri, mbona hawawashi taa.

Alirudi chumbani akiwa amekusudia kuiacha kazi ile, lakini sauti ikapanda kutoka kwenye sinia, ndogo, yenye majimaji, ikisema, "Fundi, nizibie tena kidogo," na kwa kuwa hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita Fundi kwa deko lile, mkono wake ukakishika kiduara, akaweka karatasi mpya, akaziba, huku moyo wake ukijua kabisa ni nani anayelipa.

Alipotoka, binti yake alikuwa anapapasa ukuta.

Mama mkwe alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Mkwe wangu, mwanangu alikata roho akimwombea huyu mtoto. Hawezi kumla macho. Huyo si yeye."

"Ameniita Fundi, mama."

"Na wewe ukaitika."

Wakachoma picha zote jikoni, na filamu pamoja nazo. Ikabaki ile ya mwisho, mbichi, ambayo haikuwa imepitishwa kwenye dawa ya kuishikisha. Picha ya namna hiyo ikipata jua huwa nyeusi yote, ikajifia yenyewe. Mpiga picha akaiweka uani, akalia. Karatasi ikaanza kuiva, zambarau, kisha kahawia, na ndani ya nyumba kitu kikaguna kwa muda mrefu, kikapita kwenye mapazia, kikagusa sufuria moja baada ya nyingine, na harufu ya mafuta ikafifia hadi ikaisha. Wote wawili wakafumba macho, wakamshukuru Mungu.

Walipofumbua, mtoto alikuwa amepiga magoti kando ya karatasi. Kiganja chake kilikuwa juu yake, akikitikisa kidogo, kama baba yake afanyavyo. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa nyeusi; yeye mwenyewe hakuonekana tena pichani. Chini ya kivuli cha kiganja, uso ulikuwa mweupe, unacheka.

"Baba," alinong'ona, "mama kasema nimzibie kidogo tu, mpaka usiku huu uishe."

Jua lilikuwa utosini.